Ukialikwa kula kwa mwenyeji ambaye lugha yake huijui, nenda

"Sitaenda kula kwao, lugha yao siijui." Neno hili linasikika sana katika jamaa za Kongo zilizokimbilia Uganda. Linasemwa na mama aliyealikwa na jirani siku ya ubatizo, na mzee aliyeitwa kunywa bushera baada ya kazi ya shamba, hata na kijana ambaye marafiki wa mpira wamemvuta mkono hadi mlangoni kwao. Linasemwa kwa upole, bila chuki yoyote. Lakini ni neno la hasara, na lizungumzwe wazi, kwa sababu anayelisema ndiye anayepoteza zaidi kuliko yule aliyemwalika.

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Kati yao Wakongomani wanapita nusu milioni. Wapo waliovuka Bunagana mwaka 2022 na magodoro kichwani, wapo waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, na wapo waliotoka Fizi na Uvira miaka mingi kabla, ambao watoto wao hawajawahi kuiona Kongo. Wengi wanaishi Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali. Nakivale, iliyo wilayani Isingiro, ilianza mwaka 1958 kupokea wakimbizi wa Rwanda, na leo wanakaa humo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Mtu akizunguka sokoni asubuhi moja tu, masikio yake yanapita katika lugha saba au nane.

Kiswahili kilidhaniwa kitatosha

Wengi walipovuka mpaka waliamini kwamba Kiswahili kitawafungulia milango yote. Kongo ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Ni lugha ya soko la Goma, ya kanisa, ya redio, ya kubembeleza mtoto. Mtu wa Masisi na mtu wa Kalemie wakikutana hawatafuti mkalimani. Basi mkimbizi anafika Ankole, anamsalimu bibi wa miaka sabini kwa Kiswahili kizuri, na bibi anarudi nyuma hatua mbili.

Sababu ipo, na ni vizuri ijulikane ili mtu asidhani amechukiwa. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi na ya polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliokuwa watu wazima wakati ule walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwenye kinywa cha mtu mwenye bunduki. Kwa mzee wa namna hiyo, "njoo hapa" haikuwa salamu. Mambo yanabadilika: mwaka 2022, mwaka uleule Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini uamuzi wa mawaziri hauingii katika kichwa cha bibi kwa mwaka mmoja au mitatu. Kwake, mgeni anayesema Kiswahili bado anahitaji kuonekana uso wake, mikono yake na watoto wake, ndipo hofu iondoke. Na hakuna mahali uso, mikono na watoto vinaonekana vizuri kama penye chakula.

Tena ukuta wa lugha si mrefu kama unavyoonekana kwa mbali. Mnande wa Beni akifika Kasese anakuta Wakonjo wanaosema karibu lugha yake mwenyewe. Mtu wa Rutshuru anayejua Kinyarwanda anaokota maneno mengi ya Kinyankole siku ya kwanza. Hata anayejua Kiswahili peke yake, akitega sikio, anasikia ndugu wakipita: maji ni amaizi, nyama ni enyama, mbuzi ni embuzi, mti ni omuti. Akihesabu mbili, tatu, nne, tano, mwenyeji anajibu ibiri, ishatu, ina, itaano. Mlendu wa Djugu, ambaye lugha yake haina undugu na hizi, ana safari ndefu zaidi, na hilo lisifichwe. Lakini hata yeye hafiki mikono mitupu ikiwa alilelewa na Kiswahili.

Jamaa sita na kikapu kimoja

Chukua mfano wa jamaa moja ya watu sita kutoka Rutshuru. Baba na mama wamepalilia kwa wiki mbili shamba la migomba la bibi mmoja wa Isingiro, wilaya inayojulikana kwa ndizi. Siku ya mwisho bibi analipa, kisha anafanya jambo ambalo halikuwa katika makubaliano: anaonyesha kidole jua lilipo, anaonyesha litakapokuwa kesho mchana, anapeleka mkono mdomoni, na anahesabu vichwa vya jamaa yote mpaka mtoto mchanga. Hakuna neno moja lililosemwa ambalo wote wawili walilijua. Na hakuna aliyeshindwa kuelewa.

Siku ya pili mjukuu anapita na jagi la maji na beseni, kila mtu ananawa, mkubwa kwanza. Hapo mama wa Rutshuru anapumua, kwa sababu jambo hili analijua. Matoke yanaletwa yakiwa bado ndani ya majani ya mgomba, yamepikwa kwa mvuke na kupondwa mpaka yakawa laini. Kuna maharage. Kisha kinaletwa kikapu kidogo chenye kifuniko, endiiro, na ndani yake mna karo, ugali wa ulezi, mweusi-mwekundu na wenye kunata. Kando yake kuna bakuli la mchuzi mweupe, eshabwe, unaotengenezwa kwa siagi ya ng'ombe, maji na chumvi ya mawe, ambao haupikwi motoni na hautolewi kila siku. Anayepewa eshabwe ameheshimiwa, ajue au asijue.

Watoto wanautazama mchuzi na kufikiri ni maziwa yaliyoharibika. Mama anawakanya kwa jicho, anamega karo, anatia shimo kwa kidole gumba, anachovya na kumeza. Mkono wake umefanya vilevile unavyofanya na bugali nyumbani, na bibi ameuona mkono huo. Mtu anayemega hivyo si mgeni kabisa. Kwa watu wawili wasiosikilizana, ile tonge moja ni kama salamu ndefu.

Makosa yanakuja, na ndiyo yanayoleta kicheko. Mtoto wa kiume anataka kumwita kijana wa nyumba, anasema "kaka". Nyumba nzima inaangua kicheko, kwa sababu kwa Kinyankole "kaaka" ni jina wajukuu wanalomwita nyanya yao. Kijana wa miaka kumi na sita amegeuzwa bibi. Bibi mwenyewe anafuta machozi, na tangu siku hiyo kijana anaitwa kaaka na watoto wa pande zote mbili. Baba naye anamaliza sahani yote ili asionekane mwenye dharau, na kila akimaliza wanamwongezea, kwa sababu sahani tupu imeonekana kama njaa. Mara ya tatu anashika tumbo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Anaachiliwa.

Mwishoni binti wao anayesoma shule pamoja na watoto wa Kinyankole anamnong'oneza baba maneno mawili, na baba anayarudia kwa sauti: "Webare kuteeka." Asante kwa kupika. Si sentensi ndefu. Lakini bibi hakutegemea kuyasikia kutoka kwa mtu huyu, na kabla jua halijashuka amechukua mbegu za maharage kiganjani, ameonyesha mawingu, ameonyesha vidole kuhesabu majuma, akimweleza mgeni lini mvua ya Septemba inaanza kuaminika na kipande gani cha shamba hakina mtu mwaka huu.

Faida yake si tumbo tu

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Jamaa ile haikupata mlo mmoja tu. Imepata habari ya mvua, imepata mahali pa kulima, na imepata mtu mmoja wa kijiji anayeweza kusema: hawa nawajua.

Ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji karibu kila mara unaanza na vitu vinne: kuni, maji, ardhi na mifugo iliyoingia shambani. Mbuzi wa fulani amekula mihogo ya fulani. Mama wa kambini amekutwa anakata mti wa mtu. Mambo haya yakitokea kati ya watu ambao hawajawahi kuketi pamoja, yanaitwa "wakimbizi wametuvamia" upande mmoja na "wenyeji wanatuchukia" upande mwingine. Yakitokea kati ya watu waliokula pamoja, yanabaki kuwa mbuzi na mihogo, na mihogo hulipwa. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Ni sheria nzuri kuliko za nchi nyingi. Lakini haiwezi kumpa jirani.

Hofu tatu zinazostahili jibu

Wanaokataa mwaliko wana sababu zao, na si za kijinga.

Ya kwanza ni aibu ya mkono mtupu. Mama anajiuliza: nikila kwao leo, kesho nitawapa nini? Swali hili limekuwa zito zaidi tangu misaada ipungue. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na mwaka 2025, fedha zilipokosekana, karibu watu milioni moja waliondolewa katika orodha ya msaada wa chakula. Kuna nyumba ambamo chungu kinawekwa motoni mara moja kwa siku. Mtu wa nyumba hiyo anaogopa deni.

Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wa kijijini hangoji sahani irudi na sahani. Anapokea mkono wa kusaidia kuvuna, anapokea mtoto anayemchotea bibi maji. Na kipo chakula ambacho Mkongomani anacho na mwenyeji hana: sombe. Wengi upande wa Ankole wanalima muhogo bila kuwa na mazoea ya kula majani yake. Mama wa Kongo anaweza kuonyesha jinsi ya kuchuma majani machanga, kuyatwanga vizuri na kuyachemsha muda mrefu, maana jani la muhogo lisipoiva lina sumu, kisha kuyatia mawese kama yamepatikana. Majani yale shamba limejaa, hayana bei. Anayefundisha kupika amelipa deni lake, na zaidi.

Hofu ya pili haisemwi kwa sauti, lakini kila mtu wa Kivu anaijua: karuho. Watoto wa kwetu wanalelewa wakiambiwa wasile kwa watu wasiowajua, kwa sababu ya sumu. Kumwambia mzee kwamba hofu hiyo ni upuuzi hakutamsaidia. Kinachosaidia ni desturi zenyewe za ukarimu. Mwenyeji mwenye adabu haoni vibaya kuonja kinywaji kwanza mbele ya mgeni. Kula katika sahani moja kubwa kunaondoa wasiwasi bila mtu yeyote kutajwa. Na mgeni anaweza kuanza kwa kidogo: kunywa bushera uani mbele ya watu, kabla ya kukubali kuingia ndani kula. Imani haijengwi mchana mmoja, na hakuna aliyesema lazima ijengwe hivyo.

Ya tatu ni ya dini na mwili. Muislamu hali nguruwe, Msabato hali, Mkimbangu hali. Mgonjwa wa sukari anaogopa kushindiliwa ndizi na chai yenye sukari. Anajiuliza: nitakataaje bila kutukana, na maneno sina? Hapa kunahitajika maandalizi kidogo. Mtoto anayesoma shule au jirani anayejua lugha zote mbili amwambie mwenyeji mapema, siku moja kabla, si wakati nyama imeshaletwa. Mwenyeji akiambiwa mapema anafurahi kutafuta njia. Akiambiwa sahani ikiwa mezani, anabaki na aibu na nyama yake.

Mahali ambapo tabasamu halitoshi

Pamoja na hayo, ni lazima kusema kinyume chake pia, ili wenye mamlaka wasije wakalala juu ya sifa za majirani wema. Kula kwa ishara kunapendeza. Kutibiwa kwa ishara ni hatari.

Penye chakula, ukikosea neno watu wanacheka. Hospitalini, ukikosea kusema dawa inamezwa mara ngapi, mtu anaumia. Polisi, ofisi ya kuandikisha wakimbizi, mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, kikao cha wazazi shuleni: hapo Mkongomani anahitaji mkalimani wa kweli, aliyefundishwa na anayelipwa, si binti wa miaka kumi na miwili aliyetolewa darasani ili amweleze mganga ugonjwa wa siri wa mama yake. Jambo hili linatendeka mara nyingi mno, na watoto wanabeba maneno ambayo hayakustahili kupita kinywani mwao. Binti aliyemnong'oneza baba "webare kuteeka" alifanya kazi ya mtoto, na ilimpa furaha. Kumkalimania mama kwa mganga ni kazi ya mtu mzima, naye anaitiwa pesa na ofisi, si na jamaa.

Vilevile ukarimu wa bibi mwenye migomba usigeuzwe kuwa hesabu ya wafadhili. Bibi huyo naye ana wajukuu, naye anangojea mvua. Mwenyeji anagawa alichonacho. Hawezi kuziba pengo la msaada uliokatwa kwa watu milioni moja, na asiombwe kuliziba.

Funzo la kurudi nalo

Kuna upande mwingine ambao unawahusu wasikilizaji waliobaki Kongo. Wahami wengi wa nchi hii hawakuwahi kulala kambini. Wanaishi katika nyumba za watu, chumba kimoja wamejazana jamaa mbili au tatu. Kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, wengi zaidi waliingia katika nyumba kama hizo au walirudi kwenye vijiji vilivyobomolewa. Katika nyumba hizo pia lugha hazifanani. Bibi wa Masisi anayejua Kihunde peke yake anakaa siku nzima kwenye kona ya nyumba ya mtaa wa Goma, na watu wa nyumba wanasema amenuna. Hajanuna. Hana wa kusema naye.

Na Kivu imeona lugha ikifanyiwa kazi mbaya. Mtu amesimamishwa njiani akaambiwa atamke neno, na jinsi alivyolitamka ndivyo alivyohesabiwa rafiki au adui. Watu wamefukuzwa sokoni kwa sababu ya lafudhi. Jamaa iliyoishi Nakivale miaka mitatu inajua sasa kuwa upande wa pili: kuwa wewe ndiye ambaye lugha yake inawatisha watu, na kisha kupewa endiiro na mtu ambaye angeweza kukufungia mlango. Jamaa hiyo ikirudi Rutshuru au Masisi na ikamkuta jirani anayesema lugha isiyopendwa, haitakuwa na udhuru wa kusema kwamba haikujua la kufanya.

Kwa sasa, mambo ya kuanzia ni madogo. Jifunze salamu: kwa Kinyankole mwenzako akisema "agandi", jibu "nimarungi". Jifunze asante. Usiende mikono mitupu ikiwa unaweza kubeba hata kuni chache au fungu la lenga-lenga. Mpe mtoto mchanga wa nyumba nafasi ya kukuzoea, maana mtoto akikukubali, mama yake amekwisha kukubali. Onja kila kilichotolewa, hata kidogo. Ukikosea neno, cheka kabla hawajacheka. Na kabla ya kuondoka, mtafute aliyepika, hata kama bado yuko jikoni, umshukuru yeye kwa lugha yake.